Wasumbufu, Vipande Saba vya Piano

Kabla hujaniuliza nakujibu kabisa: silewi, sikuwa na homa, na kwa waganga sijawahi kukanyaga. Mimi ni fundi wa piano. Kazi yangu ni kusikiliza, na nimeifanya miaka kumi na tisa. Nikikwambia nimesikia kitu, basi nimekisikia.

Ilikuwa jioni ya kawaida, tena ya kuudhi. Nilikuwa nimeshamaliza kazi mbili tangu asubuhi, bega la kulia linaniwaka moto, na mwanangu alikuwa anaimba.

Huyo mwanangu tunamwita Chiriku. Ana miaka minane. Baba yake anachelewa kazini, kwa hiyo shule ikitoka namchukua twende naye popote nilipo na kazi. Wimbo wake hauna maneno. Anafumba midomo na kuanza: mmm, mmm-mmm, mmm. Akipanda ngazi, mmm. Akifunga viatu, mmm. Akiwa bafuni ndiyo usiseme, jirani wa juu anajua leo tumeoga saa ngapi.

Sasa ielewe kazi yangu. Vibonye vya katikati ya piano, kila kimoja kina nyaya tatu. Nyaya hizo zikitofautiana hata kidogo, zikilia pamoja unasikia wimbi ndani ya sauti: wau... wau... wau. Mimi nachomeka ufunguo wangu kwenye kigingi cha waya, nazungusha taratibu mpaka wimbi linyamaze. Ndiyo kazi yote. Inataka kimya, na mimi Mungu kanipa redio isiyozimika.

Mwalimu wa piano alikuwa anakaa ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kwenye ukumbi unaonuka rangi ya sakafu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwake. Fundi wake wa zamani alikuwa ameacha kazi ghafla na kumpa namba yangu. Alitufungulia yeye mwenyewe: mwanamke mtu mzima, mwembamba, ndala miguuni, penseli imechomekwa kwenye nywele za mvi.

"Shikamoo Mwalimu," Chiriku akasema. Halafu palepale: mmm-mmm.

"Marahaba, mwanangu. Ee! Huyu kaja na muziki wake kabisa!"

"Usimpe kichwa, Mwalimu. Tafadhali."

Akacheka. Alikuwa mcheshi kweli, na mpaka leo hilo ndilo linaloniumiza, kwamba nilimpenda.

Nikafungua kifuniko cha juu cha piano. Ndani ya piano kuna harufu moja tu duniani, vumbi na kutu na kitambaa cha zamani. Hii haikunuka hivyo. Ilinuka sabuni... sabuni na nywele mbichi, harufu ya kichwa cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikajiambia pengine ameifuta kwa ajili ya wageni, maana wanafunzi wake walikuwa na onyesho wiki hiyo.

"Kitu kimoja, Fundi," Mwalimu akasema. "Kuna vibonye sita nimevitia alama ya penseli. Kila kimoja kina waya mmoja uliopotoka kidogo. Huo usiuguse."

Hapo nikakunja uso. Fundi kuambiwa aache waya umepotoka ni sawa na fundi cherehani kuambiwa aache uzi unaning'inia. "Kwa nini lakini?"

"Kaa nikuonyeshe."

Akatoa daftari la muziki lililoandikwa kwa mkono, jalada limechakaa. *Wasumbufu. Vipande vifupi vya piano.* Akakaa, akavaa miwani, akapiga.

Jamani, nilicheka. Sijawahi kucheka na piano hivyo. Kipande cha kwanza kiliitwa "Mlizi": vidole vinaanzia kwenye kibonye kimoja chenye alama ya penseli, vinateremka kwa kilio kirefu, vinakatika ghafla kutazama kama kuna anayetazama, kisha kilio kinaanza upya. Cha pili, "Kigugumizi", sauti moja inagonga, inagonga, inagonga, halafu neno zima linachomoka kwa mpigo. "Asiyetulia" alimfanya Mwalimu apishanishe mikono na kupiga vibonye kwa kiwiko. Muziki wa kisasa, umepindapinda, hauishii pale unapodhani, na kila kipande hakifiki hata dakika moja. Mpaka cha sita nilikuwa nafuta machozi.

"Hawa ni watoto wa kweli?"

"Wanafunzi wangu. Kigugumizi siku hizi anasoma matangazo shuleni kwao, hakwami hata neno. Asiyetulia anakaa kitini saa mbili, mama yake alitaka kunibusu mikono."

"Na Mlizi?"

"Huyo wa zamani sana. Nilimwandika nikiwa bado na nywele nyeusi." Akafunua ukurasa wa saba. Ulikuwa mtupu.

Nikarudi kwenye kazi. Nimechomeka ufunguo, nimezuia pumzi, wimbi linakaribia kunyamaza, wau... wau...

Mmm. Mmm-mmm.

"Chiriku! Nimesemaje?"

"Sijaimba, mama."

"Aliyeimba ni ukuta?"

Nikaanza tena. Mmm. Bega linauma, nje kunaingia giza, bado nusu ya piano. Hapo ndipo nilipolisema neno langu. Nilimgeukia Mwalimu nikasema, "Hebu mwandikie na huyu, wenzio tupumzike. Nataka kimya, wallahi. Hata siku mbili."

Mwalimu akavua miwani. "Unampa?"

"Mchukue!" nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka.

"Basi nisaidie," akasema polepole. "Anaanzia sauti gani?"

Hili mwenzangu wa kazi atalielewa. Mtu akikuuliza swali la sikio, unasahau kila kitu. Nilimsikiliza mwanangu kwa sikio la kazi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Anaanzia hapa," nikabonyeza kibonye kilicho jirani kabisa na kile cha Mlizi. "Lakini yuko juu kidogo. Kidogo mno. Mtu mwingine hawezi kusikia."

"Wewe unasikia?"

"Mimi nasikia!" Kiburi hicho.

"Unaweza kuniwekea waya mmoja hapo alipo yeye? Palepale, bila kuzidi wala kupungua?"

Nikamwita Chiriku. "Imba, mama. Imba nikusikie." Macho yake yaling'aa, sikuwahi kumwomba aimbe hata siku moja. Akaja akajiegemeza kwenye paja langu, akafumba midomo. Mmmmmm. Nikazungusha ufunguo. Wau, wau... wau...... wau............

Wimbi likanyamaza.

Na mtoto akanyamaza. Katikati ya pumzi.

"Barabara," Mwalimu akanong'ona, akachomoa penseli kwenye nywele.

Njiani kurudi nyumbani niliufurahia utulivu, sikufichi. Nilisikia hata nyayo zetu. Baba yake aliporudi aliuliza, "Leo redio imezimwa?" Tukacheka wote wawili. Chiriku alikuwa anatutazama.

Kesho yake alioga kimya. Jirani wa juu akaniuliza ngazini kama mtoto anaumwa. Jioni aligonga goti kwenye pembe ya meza, pigo la kumliza mtu mzima. Mdomo ukafunguka, uso ukakunjamana, machozi yakaja. Sauti haikutoka. Alipofumba mdomo akaniambia kwa utaratibu, kama anasoma ubaoni, "Mama, nimeumia."

Sikulala. Nilikaa kando ya kitanda chake. Alikuwa amelala chali, na midomo yake inatetemeka lile tetemeko la kuimba. Nikasogeza sikio mpaka likagusa midomo yake.

Hewa tupu.

Usiku ule niliogopa kuliko siku niliyomzaa. Nilimfahamu mwanangu kwa ile kelele. Bila ile kelele alikuwa mtoto mpole wa mtu mwingine aliyekaa kwenye kitanda chake, na mimi ndiye niliyesema mchukue, kwa mdomo wangu, nikicheka.

Siku ya tatu nilimpigia Mwalimu nikadanganya kwamba waya mpya hulegea, lazima niurudie. Akasema karibu. Tulifika saa kumi na moja jioni. Akatupokea na ucheshi wake uleule, akasema anabandika chai, akaingia jikoni. Nikasikia bomba linafunguliwa.

Nilikuwa na dakika chache.

Kuna mchezo ninaowachezea watoto wa wateja. Ukikanyaga pedali ya kulia, nyaya zote zinaachwa huru. Ukiita kitu ndani ya piano, zinakurudishia sauti yako. Si uchawi, ndiyo tabia ya waya. Nikafungua kifuniko. Ile sabuni ikanipiga usoni. Nikakanyaga pedali, nikainama, nikaita kwa sauti ya chini.

"Chiriku..."

Piano ikatulia. Halafu ikajibu. Haikunirudishia neno langu.

"...Mama."

Pedali sikuiachia.

"Mama, huku tumebanana."

"Nakuja," nikanong'ona. "Mama anakuja sasa hivi."

"Mama, kuna mtu ananishika mkono..."

Nyuma yangu mwili wa mwanangu ulikuwa umekaa kitini, mikono magotini, unatazama ukuta. Nikachomoa ufunguo mfukoni. Nikapachika ukanda wa kitambaa kati ya nyaya, kama tufanyavyo siku zote, ili za pembeni zinyamaze nibaki na ule mmoja. Nikatafuta kigingi. Vigingi ni zaidi ya mia mbili, vimepangwa vimebanana, na giza lilikuwa linaingia chumbani. Nikachomeka. Nikazungusha, huku nabonyeza kibonye.

Sauti haikubadilika.

Nikazungusha tena. Haikubadilika. Jikoni bomba likafungwa. Nikajiambia ni kutu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mahali fulani ndani ya piano kitu kikafanya *ting*...

Nyuma yangu mtoto akakohoa. Akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetoka kwenye maji. Kisha akaangua kilio, kilio cha sauti, kilio kitamu kuliko vyote nilivyowahi kusikia!

Sikungoja chai. Nilimkumbatia nikashuka naye ngazi mbilimbili, begi la vifaa linanigonga mgongoni. Njia nzima alikuwa analia na mimi nacheka, watu wanatugeukia. Nyumbani baba yake alimrusha juu. Alikula sahani mbili. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, akashika kila kitu mezani na kuuliza ni nini. Tulisema furaha imemzidi.

Saa mbili nikampeleka kulala. Nikamfunika, nikazima taa, nimeshafika mlangoni.

"Shangazi..."

Nikasimama.

"Shangazi, mama yangu anakuja lini kunichukua?"

Nilishika fremu ya mlango. Na pale pale gizani mkono wangu ukakumbuka kile ambacho akili yangu ilikuwa imekataa kukisikia. Sauti haikubadilika. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua maana yake: ukizungusha na sauti haibadiliki, usiendelee, umechomeka kwenye kigingi kisicho chako. Unalegeza waya wa jirani, ule uliounyamazisha mwenyewe kwa kitambaa. Ndiyo makosa ya kitoto kabisa ya kazi yetu. Nimewafokea wanafunzi kwa kosa hilo.

Na jirani wa kibonye cha Chiriku alikuwa Mlizi.

"Kesho," nikamwambia. "Lala, mama. Kesho."

Baba yake sikumwambia. Ningemwambia nini? Alikuwa sebuleni anapiga mluzi kwa furaha.

Kesho yake sikwenda kazini na yeye hakwenda shule. Asubuhi nilimwogesha. Akaniuliza kwa nini mikono yake imekuwa mirefu. Akaniambia nywele zangu nzuri. Alipokunywa chai alishika kikombe kwa mikono miwili, na kila mlango ulipolia mahali popote kwenye jengo aliinuka na kutazama. Alikuwa mtoto mzuri. Ningependa niseme alikuwa na macho mekundu, au alinuka kaburi, ingenirahisishia. Alikuwa mtoto tu, amechoka kusubiri.

Mchana nikampeleka kwa Mwalimu. Alifungua mlango kabla sijagonga. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Umelegeza usiyemjua," akasema.

"Nirudishie mwanangu."

"Mimi sichukui, Fundi. Napewa. Nionyeshe mzazi mmoja ambaye hakusema mwenyewe." Akampisha mtoto apite, na alipompita akamgusa kichwani kidogo sana. "Huyu mama yake alisema amechoka na vilio. Nikaandika. Mtoto akatulia, mama akafurahi mwezi mzima. Halafu akaanza kuja hapa kila jioni, anaweka sikio kwenye ubao. Kila jioni, mpaka akafa. Ni miaka mingi."

"Kwa nini hukumlegezea waya?"

"Mimi najua kuandika. Kukaza na kulegeza ni kazi yenu. Fundi wangu wa zamani nilimwomba mara moja. Alisikia kitu ndani, akaacha vifaa vyake hapahapa, hakurudi. Namba yako alinipa kwa simu tu."

Sijui kama ni kweli. Alikuwa anasema huku anafuta miwani, na mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu.

Nikafungua kifuniko. Safari hii sikuharakisha. Nilibonyeza, nikagusa waya kwa ukucha, nikaufuata kwa kidole hatua kwa hatua kutoka chini mpaka kwenye kigingi chake. Huu. Huu hasa. Nikachomeka ufunguo.

"Fundi," Mwalimu akasema. "Mwili ni mmoja. Akiingia wako, huyu atakaa wapi? Waya wake umeshalegea."

"Atarudi alikotoka."

"Sidhani kama kuna kurudi. Sikuahidi kitu."

Nikahisi nguo yangu inavutwa. Mtoto alikuwa amesimama kando yangu, amelikunja gauni langu kwenye ngumi. Alikuwa ameelewa kila neno.

"Shangazi, usinirudishe."

Nikatazama ukuta.

"Shangazi, sitalia tena. Nitakaa kimya. Nitakaa kimyaaa, hutanisikia..."

Nikakanyaga pedali kwa bahati mbaya, au mguu wangu ulikanyaga wenyewe. Na kutoka ndani, kwa mbali sana, juu kidogo ya sauti, kidogo mno, mtu mwingine hawezi kusikia:

*Mmm. Mmm-mmm.*

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Sitajitetea zaidi ya hapo. Nilizungusha ufunguo. Sauti ikashuka, ikashuka... ikawa mlio wa chini usio na umbo, na waya ukalala. Mkono uliokuwa umeshika gauni langu ukaachia.

Kimya.

Harufu ya sabuni ikaisha, ghafla, kama dirisha limefunguliwa. Piano ikanuka vumbi na kutu.

Sikuthubutu kugeuka. Nikasikia pumzi. Moja. Mbili. Kisha sauti, sauti ya mtoto, imetoka vizuri:

"Mama."

Nilipiga magoti nikamshika kwa mikono yote miwili. Nililia mpaka nikakosa hewa. Alinipapasa mgongo, taratibu, akasema tena, "Mama. Mama. Twende nyumbani."

Mwalimu alitusindikiza mpaka mlangoni. Nikamwambia, bila yeye kuniuliza, "Umemsikia. Kaniita mama."

"Nimemsikia," akasema. Alimtazama mtoto kitambo. "Watoto ni wepesi kujifunza, Fundi."

Akafunga mlango.

Ni miezi mitano sasa. Mwalimu alihama, walioona wanasema aliondoka na piano na masanduku mawili, hakuaga mtu. Mwanangu yuko shuleni, anafanya vizuri. Anacheka panapochekesha. Akianguka analia, kidogo, kisha ananyamaza mwenyewe na kunitazama. Anaitwa Chiriku na anaitika.

Nimemjaribu. Mungu anisamehe, nimemjaribu mtoto kama mpelelezi. Nimemuuliza jina la paka tuliyekuwa naye. Nimemuuliza nani alimpa kovu la kidole, na tulikula nini siku ya kwanza ya shule. Alijibu yote, na yote yalikuwa sahihi. Ila kila swali alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na sikumbuki kama Chiriku wangu aliwahi kufikiri kabla ya kufungua mdomo. Baba yake anasema mtoto anakua, niache wazimu. Pengine. Watoto hukua.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakiwezi kuigizwa, na sikio langu lingekijua hata usingizini. Ile sauti anayoanzia. Lakini tangu siku ile haimbi. Nikimwomba, ananiambia amesahau, au koo linawasha, au baadaye, mama. Nimeimba mimi, na mimi sijui kuimba, ili anifuatishe. Anatabasamu tu.

Kwa hiyo namvizia. Mimi niliyeomba kimya, jioni zote nazima redio, nazima televisheni, namwambia baba yake asisogeze kiti. Mtoto akiingia bafuni navua viatu, natembea ukumbini kwa vidole, naweka sikio kwenye mlango. Bafuni ndiko alikokuwa anajisahau. Nazuia pumzi. Nasubiri sauti moja. Moja tu.

Jana jioni maji yalikuwa yanamwagika, mimi nimesimama hapo, sikio kwenye ubao, pengine robo saa nzima. Halafu maji yakafungwa. Nikasikia matone. Nikasikia nyayo zenye maji zikija upande wangu, polepole, zikasimama nyuma ya mlango, karibu sana.

"Najua uko hapo," alisema.

Hakusema mama. Hakusema shangazi.